Mkondo wa mota ya fezi tatu: kwa nini hesabu yangu hailingani na kibati?

Swali

Habari zenu, mafundi na wahandisi. Ninaomba msaada kuhusu namna ya kukokotoa mkondo kutokana na nguvu katika mfumo wa fezi tatu, kwa sababu kila maelezo ninayoyasoma yanatoa kanuni yake na hayasemi imetoka wapi.

Mfano ninaoufanyia kazi ni mota ya kilowati 15, inayotumia volti 400 kati ya fezi na fezi, hesi 50, yenye pawa fakta (sehemu ya volteji mara mkondo inayokuwa nguvu halisi) ya 0.85. Njia ya kwanza ninayokutana nayo inagawanya wati 15,000 kwa 400 na kwa 0.85, na jibu linakuwa ampea 44.1. Njia ya pili inadai kwamba, kwa kuwa fezi ni tatu, jibu hilo ligawanywe kwa 3, hivyo linakuwa ampea 14.7. Njia ya tatu inaligawanya kwa kipeuo cha pili cha 3, yaani 1.732, na linakuwa ampea 25.5. Kibati cha mota yenyewe, yaani kile kibamba cha maelezo kilichobandikwa juu yake, kimeandikwa ampea 28.3, namba ambayo hailingani na jibu lolote kati ya hayo.

Ninaomba kufahamishwa ni njia ipi iliyo sahihi na kwa sababu gani, kama kuunganisha koili kwa nyota (ncha moja ya kila koili ikikutana na za wenzake kwenye nukta moja) au kwa delta (koili zikiunganishwa kama pembetatu) kunabadilisha kanuni, na kwa nini kibati kinaonyesha mkondo mkubwa zaidi. Ningependa kuelewa badala ya kukariri, maana hesabu hii ndiyo itakayoamua unene wa kebo, ukubwa wa breka na mpangilio wa relei ya kuilinda mota.

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, njia ya tatu ndiyo inayotoa mkondo unaopita kwenye waya wa kila fezi, ikiwa kweli mota inavuta wati 15,000 kutoka kwenye umeme. Suala la kibati nitawaachia wanaoshughulika na mota kila siku. Mimi nieleze hiyo 1.732, na ili ieleweke vizuri nakushauri uiweke kando kwanza, uanze na fezi moja peke yake.

Katika mfumo wa volti 400, kati ya fezi yoyote na nyutro kuna takribani volti 231, ambazo kwa kawaida tunazitaja kama 230. Mzigo ukiwa umegawanyika sawasawa, kama ulivyo kwenye mota, kila fezi hubeba theluthi ya nguvu, yaani wati 5,000 katika mfano wako. Hesabu ya fezi moja unaijua tayari: mkondo ni nguvu ikigawanywa kwa volteji na kwa pawa fakta. Gawanya 5,000 kwa 231, kisha kwa 0.85, utapata ampea 25.5. Umefikia jibu la njia ya tatu bila kugusa kipeuo cha pili chochote, na mtu anayeona 1.732 inamchanganya anaweza kufanya hesabu zake zote kwa mtindo huu bila kupungukiwa na kitu.

Tatizo ni kwamba volteji inayotajwa kwenye vibati na michoro ni ile ya fezi kwa fezi, yaani 400, nayo haipatikani kwa kuzidisha 231 kwa 2. Volteji za fezi tatu hazifiki kilele kwa wakati mmoja, bali zinapishana kwa theluthi ya mzunguko, ambayo ni nyuzi 120. Zichore kama mishale mitatu inayotoka kwenye nukta moja, nukta hiyo ikiwa nyutro, kila mshale ukiwa na urefu wa 231. Umbali kutoka ncha ya mshale mmoja hadi ncha ya mwingine ndiyo volteji ya fezi kwa fezi. Ukiunganisha ncha mbili, unapata pembetatu yenye pande mbili za 231 na pembe ya nyuzi 120 kati yake. Ipasue katikati, na kila nusu itakuwa na upande wa 231 mara saini (sine) ya nyuzi 60, yaani 231 × 0.866, ambayo ni 200. Nusu mbili zinafanya 400. Uwiano wa 400 kwa 231 ni 1.732, na umetokana na pembe hiyo ya nyuzi 120, si na jambo jingine lolote.

Sasa rudi kwenye nguvu. Nguvu ya fezi zote ni 3 × 231 × mkondo × pawa fakta. Badala ya 231 andika 400 ÷ 1.732. Kwa kuwa 3 ukiigawanya kwa 1.732 unapata 1.732 tena, kanuni inakuwa:

Nguvu = 1.732 × volteji ya fezi kwa fezi × mkondo wa waya × pawa fakta

na ukiigeuza:

Mkondo wa waya = nguvu ÷ (1.732 × volteji ya fezi kwa fezi × pawa fakta)

Kwa hiyo ile 3 uliyoitarajia bado imo ndani ya kanuni, ila imepungua kwa sababu tumetumia volteji kubwa kuliko ile ya fezi moja.

Kuhusu nyota na delta, kanuni haibadiliki hata kidogo, mradi unatumia volteji ya fezi kwa fezi na unatafuta mkondo wa waya. Kinachobadilika ni mambo yaliyo ndani ya mota. Koili zikiwa katika nyota, kila koili hupata volti 231 na hupitisha mkondo wote wa waya. Zikiwa katika delta, kila koili hupata volti 400 kamili, lakini mkondo wa waya hugawanyika kwenye koili mbili, na mkondo wa koili moja huwa ni ule wa waya ukigawanywa kwa 1.732. Chukua 25.5 uigawanye kwa 1.732: utapata 14.7, jibu la njia yako ya pili. Namba hiyo, basi, ina maana yake, kwa sababu ndiyo mkondo ulio ndani ya koili ya delta. Kosa ni kuichukua na kuchagulia kebo inayoleta umeme, ambayo ingezidiwa. Njia ya kwanza, ile ya ampea 44.1, ni ya mzigo wa fezi moja uliounganishwa kati ya nyaya mbili za volti 400, na haihusiani na mota yako.

Jambo moja linahitaji tahadhari. Niliposema kanuni haibadiliki, sikusema kwamba nguvu haibadiliki. Fikiria hita yenye elementi tatu za omu 40 kila moja. Ukiziunganisha kwa delta, kila elementi hupata volti 400 na kupitisha ampea 10, hivyo hutoa wati 4,000. Jumla ni kilowati 12, na mkondo wa waya ni ampea 17.3. Ukizihamishia kwenye nyota, kila elementi hupata volti 231 na kupitisha ampea 5.77, na jumla ya nguvu hushuka hadi kilowati 4. Hita ni ile ile na umeme ni ule ule, lakini nguvu na mkondo wa waya vimeshuka hadi theluthi. Weka kilowati 12 au kilowati 4 kwenye kanuni, itakupa mkondo sahihi katika kila hali; anayekosea ni yule anayebadilisha muunganisho kisha akaendelea kuhesabu kwa nguvu ya zamani.

Niongeze pia kwamba pembe inayotoa pawa fakta ni ile iliyo kati ya volteji ya fezi moja na mkondo wa fezi hiyo hiyo. Anayepima volteji kati ya fezi na fezi, kisha akailinganisha na mkondo wa waya mmoja, atakuta nyuzi 30 zaidi au pungufu, na pawa fakta atakayoipata haitakuwa ya kweli.

Jibu la pili

Ninakubaliana na mwenzangu, na nitaanzia alipoishia kwa kueleza namba ya kibati.

Kilowati 15 zilizoandikwa kwenye kibati cha mota ni nguvu inayotoka kwenye shafti kwenda kuzungusha mashine. Nguvu inayoingia kutoka kwenye umeme ni kubwa kuliko hiyo, kwa sababu sehemu yake hupotea kama joto kwenye koili na kwenye chuma, na nyingine humalizwa na msuguano wa beringi na feni. Ukichukua ufanisi wa 0.90, ambao ni wa kawaida kwa mota ya ukubwa huo, nguvu inayoingia ni 15,000 ÷ 0.90, yaani wati 16,667. Sasa gawanya kwa 1.732 × 400 × 0.85, ambayo ni 588.9, nawe unapata ampea 28.3, ile namba ya kibati. Kanuni ya mota, kwa hiyo, ina ufanisi pamoja na pawa fakta katika sehemu ya kugawanyia, na anayeusahau ufanisi hupata mkondo mdogo kuliko wa kweli. Hita haihitaji marekebisho hayo, kwa kuwa pawa fakta yake ni 1 na nguvu yake iliyoandikwa ndiyo inayovutwa.

Mota za zamani zinaweza kuwa zimeandikwa kwa nguvu za farasi. Zidisha kwa 746 upate wati: farasi 20 ni wati 14,920, karibu sawa na mota yako, na hizo nazo ni za kwenye shafti.

Mara nyingi naona mtu amebana klampu mita, kifaa cha kupimia mkondo bila kukata waya, kwenye waya, akasoma ampea 12, kisha akahitimisha kwamba mota inafanya kazi kwa chini kidogo ya nusu ya nguvu yake. Hitimisho hilo si la kutegemewa. Mota isiyo na mzigo wowote bado huvuta mkondo wa kutengeneza usumaku, na kwa mota nyingi mkondo huo ni kati ya robo na nusu ya ule wa kibati. Wakati huo pawa fakta huwa imeshuka sana, kwa hiyo mkondo upo lakini nguvu halisi ni ndogo. Pawa fakta ya 0.85 na ufanisi wa 0.90 ni za mota iliyobeba mzigo wake kamili. Ukizitumia kwa mota iliyo nusu mzigo, hesabu yako itapotoka, na dawa yake ni kupima nguvu kwa kifaa kinachosoma volteji na mkondo kwa pamoja.

Volteji nayo inapobadilika, mota na hita hazifanani. Ikishuka kutoka 400 hadi 380, mkondo wa hita hushuka nayo kwa asilimia 5. Mota iliyobeba mzigo usiobadilika hujaribu kutoa nguvu ile ile, hivyo mkondo wake hupanda. Kwa makadirio ya kanuni yetu, ampea 28.3 zinakuwa 29.8. Ndiyo sababu volteji ndogo huunguza mota, ilhali hita hupoa tu.

Kuhusu relei, kama mota inawashwa moja kwa moja, ipange kwa ampea za kibati, yaani 28.3. Kama unatumia stata ya nyota na delta, yaani kifaa kinachoiwasha mota ikiwa katika nyota kisha kuihamishia kwenye delta, angalia relei imekaa wapi. Katika stata nyingi imewekwa kwenye nyaya zinazokwenda kwenye koili, baada ya mkondo kugawanyika, na hapo inaona mkondo wa koili peke yake: 28.3 ÷ 1.732, ambayo ni ampea 16.3. Relei ya mahali hapo ikipangwa kwa 28.3, mota inaweza kuzidiwa kwa zaidi ya nusu ya mzigo wake na relei isikate. Nakuomba ulichukulie jambo hili kwa uzito wote, maana mota huungua huku kila kitu kwenye paneli kikionekana kipo sawa.

Breka ina suala lake. Mota inapowashwa moja kwa moja, huvuta mara 5 hadi 8 ya mkondo wa kibati kwa sekunde chache, kwa hiyo breka ichaguliwe ya aina inayovumilia mwanzo huo, huku relei ikibaki na kazi ya kuzuia mzigo uliozidi.

Muulizaji

Nawashukuru sana, walimu wangu. Sasa naona kwamba namba zote nne zina asili yake, na kwamba nilikuwa nalinganisha nguvu ya shafti na nguvu ya umeme. Naomba niongeze maswali mawili. Jenereta iliyoandikwa kVA 100 badala ya kilowati inakokotolewaje? Na je, kanuni hii inafaa kwa paneli ambayo kila fezi imebeba mizigo yake ya fezi moja, kwa mfano kilowati 6 kwenye ya kwanza, 4 kwenye ya pili na 2 kwenye ya tatu?

Jibu la tatu

La jenereta ni jepesi. Namba ya kVA tayari ni volteji mara mkondo, kwa hiyo pawa fakta haiingii tena: 100,000 ÷ (1.732 × 400) ni ampea 144. Huo ndio mkondo wa juu ambao koili za jenereta zimeruhusiwa kubeba kwa muda mrefu, iwe mzigo ni wa hita au wa mota. Kibati kikiongeza kwamba pawa fakta ni 0.8, maana yake nguvu halisi ni kilowati 80. Anayezichukua kilowati 80 hizo na kuzigawanya bila pawa fakta atapata ampea 115, na atanunua kebo nyembamba kuliko inavyotakiwa. Transfoma huhesabiwa kwa namna hiyo hiyo.

La paneli linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu jibu fupi ni kwamba kanuni hiyo haifai hapo. Imejengwa juu ya sharti kwamba fezi tatu zimebeba mzigo sawa. Jumla ya mizigo yako ni kilowati 12, na ukiitumbukiza kwenye kanuni, tukichukua kwamba ni mizigo ya kupasha joto yenye pawa fakta ya 1, utaambiwa ampea 17.3 kwa kila waya. Sasa hesabu kila fezi peke yake kwa volti 230: ya kwanza ina ampea 26.1, ya pili 17.4 na ya tatu 8.7. Kwa hiyo ukiweka breka ya ampea 20 kwa kuamini ule wastani, fezi ya kwanza itaikata, na ukichagua kebo kwa wastani huo, waya wa fezi ya kwanza utapata joto kupita kiasi. Paneli ya namna hii huchaguliwa kwa kuangalia fezi iliyobeba zaidi.

Nyutro nayo hubeba tofauti iliyobaki. Mizigo ikiwa sawa, mikondo mitatu hufutana na nyutro haibebi chochote. Katika mfano wako haifutani. Chukua mraba wa kila mkondo uijumlishe, kisha utoe mkondo wa kwanza mara wa pili, wa pili mara wa tatu, na wa tatu mara wa kwanza. Kipeuo cha pili cha kinachobaki ndicho mkondo wa nyutro. Hapa ni karibu ampea 15. Njia hii inafaa pale ambapo pawa fakta za fezi zote zinalingana.

Nasisitiza habari ya nyutro kwa sababu ikikatika, madhara yake huanguka kwenye fezi yenye mzigo mdogo. Kwa mizigo yako hiyo hiyo, volteji ya fezi ya kilowati 6 ingeshuka hadi karibu 176, na ile ya kilowati 2 ingepanda hadi karibu 289, kiwango ambacho vifaa vingi vya volti 230 havikivumilii. Tena, palipo na kompyuta au taa za LED nyingi, usiipunguze nyutro hata kama mizigo inalingana. Vifaa hivyo huvuta mkondo wenye mawimbi ya marudio ya tatu, hesi 150 kwenye mfumo wa hesi 50, ambayo hayafutani kwenye nyutro bali hujumlishana, na mkondo wa nyutro unaweza kuzidi ule wa fezi.

Jibu la nne

Niongeze jambo moja la relei, kwa kuwa mfano wa mota hiyo unaufaa. Ukiifungia kapasita za kupandisha pawa fakta kutoka 0.85 hadi 0.95, utahitaji karibu kVAr 4.9 (kVAr ni kipimo cha nguvu ya usumaku inayokwenda na kurudi bila kufanya kazi), na mkondo kwenye kebo inayotoka kwenye paneli utashuka kutoka ampea 28.3 hadi 25.3. Mota yenyewe bado inavuta 28.3, kwa sababu kapasita zinaipunguzia mzigo kebo iliyo nyuma yao peke yake.

Kwa mota inayowashwa moja kwa moja, ikiwa kapasita zimeungwa upande wa paneli, kabla ya relei, relei inabaki kwenye 28.3. Ikiwa zimeungwa kati ya relei na mota, relei inaona 25.3 na lazima ishushwe hadi hapo, vinginevyo ulinzi wa mota unapungua. Kapasita za kufungwa kwenye mota moja kwa moja zisivute mkondo unaozidi ule ambao mota huuvuta ikiwa haina mzigo. Zikizidi, mota inayozimwa huku bado inazunguka inaweza kujizalishia volteji kubwa kupitia kapasita hizo.